Bustani Kabla ya Mvua: Machipuko na Ziara za Wakulima wa Nyumbani Lubumbashi

Lubumbashi, makao makuu ya mkoa wa Haut-Katanga, limejengwa juu ya uwanda ulioinuka kati ya mita 1,200 na 1,300 kutoka usawa wa bahari, na mwinuko huo ndio unaolitenga jiji hili na picha ya Kongo ambayo msomaji wa mbali ameizoea, yaani picha ya nchi ya misitu minene na mvua ya mwaka mzima. Hapa mvua, ambayo kwa wastani hufikia takriban milimita 1,200 kwa mwaka, hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Machi. Mei hadi Septemba ni kipindi kikavu, na Aprili na Oktoba ni miezi ya mpito. Usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali, kiasi kwamba katika mabonde yenye majimaji, ambayo wakazi huyaita dembo, jalidi, yaani umande ulioganda, inaweza kuunguza bustani nzima ya matembele kabla ya jua kuchomoza. Mwanabotania wa Ubelgiji François Malaisse, aliyeichunguza misitu ya pembezoni mwa jiji hili kwa miaka mingi, aliona kwamba kuugawa mwaka wa Lubumbashi katika masika na kiangazi pekee hakutoshi, naye akatofautisha misimu 5. Mmoja kati ya hiyo, msimu wa ukame wenye joto unaoangukia hasa Septemba na Oktoba, ndio unaohusika na sura hii, kwa sababu huo ndio msimu wa machipuko wa Lubumbashi: ardhi imekauka, anga limetanda moshi wa mioto ya porini, jua ni kali kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na hata hivyo miti inatoa majani mapya.

Miti inayofanya hivyo kwa uwazi zaidi ni ile ya miombo, jina linalotumiwa kwa misitu isiyo minene inayotawaliwa na jamii za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, ambayo hapo zamani ililizunguka jiji pande zote na ambayo leo imesukumwa mbali na uchomaji wa makaa, ukataji wa kuni za kuchomea matofali na upanuzi wa mashamba. Wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua, matawi yaliyokuwa matupu hujaa majani mekundu, ya rangi ya shaba na ya waridi, ambayo hugeuka kijani polepole kadiri yanavyokomaa. Mti huweza kufanya hivyo kwa kutumia maji uliyoyahifadhi ndani ya shina na yale yanayofikiwa na mizizi iendayo chini sana, na faida yake ni kwamba mvua inapofika, majani yako tayari kuitumia tangu siku ya kwanza. Mwenye bustani wa mjini hufuata ratiba hiyohiyo, ingawa maji yake hutoka kwenye kisima cha uani, kwenye bomba la shirika la maji, REGIDESO, ambalo katika mitaa mingi halitoi maji kila siku, au kwenye ndoo zilizobebwa kichwani kutoka kwa jirani. Anayesubiri mvua ndipo aanze kuandaa kitalu atakuta wenzake wamekwisha kupanda miche yenye majani manne, na wakati yake bado ni midogo, mvua nzito za Desemba zitaipiga na kuizika katika matope.

Mahali pa kazi hiyo ni lupango, neno ambalo wakazi wa Lubumbashi hulitumia kwa kiwanja cha makazi kilichozungushiwa ukuta, seng'enge au ua wa mimea, pamoja na nyumba, jiko la nje, choo, kisima na kila kilichomo ndani yake. Katika mitaa kama Kenya, Katuba na Kamalondo, lupango moja mara nyingi hukaliwa na familia zaidi ya moja, na ardhi inayobaki baada ya vyumba vya kupangisha kujengwa ni ukanda mwembamba kando ya ukuta, ambapo hata hivyo huonekana mpapai, mparachichi, muwa, mchaichai wa kuchemshia chai, tuta la mboga za majani na makopo ya rangi yaliyogeuzwa vyungu vya maua mbele ya mlango. Wataalamu wa kilimo huita mpangilio wa namna hii bustani ya nyumbani, wakimaanisha shamba dogo sana lenye mimea ya aina nyingi iliyochanganywa kwa ngazi, mirefu ikiifunika mifupi, linalotunzwa na watu wa nyumba kwa mahitaji yao wenyewe kabla ya kufikiria soko. Ni kosa la mara kwa mara kuiona bustani hiyo kama mabaki ya maisha ya kijijini ambayo mji haujafanikiwa kuyafuta. Bustani ya lupango ni zao la mji wenyewe, na mimea yake mingi imefika hapo kwa sababu ya mji.

Kazi ya Septemba inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake kuna ujuzi ambao haujaandikwa vya kutosha. Lengalenga, mboga ambayo Waswahili wa pwani huiita mchicha, ina mbegu ndogo kiasi kwamba gramu 1 hubeba zaidi ya 1,000, na mkono wa mpandaji asiyezoea huzimwaga zote mahali pamoja. Mwenye uzoefu huzichanganya na jivu lililopepetwa au mchanga mkavu, hunyunyiza mchanganyiko huo juu ya udongo uliolainishwa, huukandamiza kwa kiganja bila kufukia, kisha huufunika kwa nyasi kavu ambazo huondolewa jioni ya siku miche inapoonekana. Zikiondolewa asubuhi, jua la Oktoba huimaliza miche hiyo kabla ya saa sita. Tuta la msimu huu hutengenezwa likiwa limedidimia kidogo chini ya usawa wa ardhi ili kila kikombe cha maji kibaki ndani yake, na mwezi Novemba mpango huo hugeuzwa, udongo ukainuliwa juu ili maji ya mvua yapate pa kutokea. Matembele, yaani viazi vitamu vinavyopandwa kwa ajili ya majani, hayahitaji mbegu: kipande cha shina chenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole huondolewa majani ya chini, hulazwa kivulini kwa siku moja ili jeraha lake likauke, na hufukiwa vifundo viwili au vitatu. Muhogo, ambao majani yake hupondwa na kupikwa kuwa sombe, husubiri udongo ulowe. Kabichi ya Kichina, moja ya mboga zinazouzwa zaidi katika masoko ya Lubumbashi, huoteshwa kitaluni na kuhamishwa jioni, na kila mche hufunikwa kwa jani pana kwa siku chache za kwanza.

Hakuna kitabu cha mfukoni ambacho wenye bustani wa Katuba au Ruashi husoma ili kuyajua hayo. Ujuzi huo hupita kwa ziara, na hii ndiyo hoja ambayo sura hii inaishikilia: katika jiji ambalo taasisi zake zimevunjika na kujengwa upya mara kadhaa ndani ya karne moja, lupango la jirani limebaki kuwa shule ya kilimo iliyo wazi kwa muda mrefu zaidi kuliko nyingine yoyote. Ziara hizo hazitangazwi kuwa ziara za bustani. Mtu huenda kumwona mgonjwa, kuhudhuria kilio, kurudisha sufuria, au kukutana na wenzake wa likelemba, kikundi cha kuweka akiba ambacho wanachama wake huchangia fedha na kuzipokea kwa zamu na ambacho mara nyingi hukutana nyumbani kwa yule ambaye zamu yake imefika. Baada ya salamu na habari za watoto, wageni husindikizwa uani, na hapo ndipo mazungumzo hugeukia tuta: limepandwa lini, mbegu ilitoka wapi, ni samadi ya kuku au ya ng'ombe, kwa nini majani ya upande wa ukuta yana matundu. Mdogo humwita mwenye nyumba Mama au Baba, humwita yaya aliyemzidi umri kidogo, na hachumi mwenyewe. Huomba, na mwenyeji ndiye anayekata kipando, kwa sababu yeye anajua tawi lipi limekomaa kiasi cha kushika mizizi. Kinachotolewa hufungwa katika kitambaa chenye maji au jani la mgomba, na kwa kawaida huambatana na maelezo ambayo ndiyo thamani yake halisi, kwamba mche huu hautaki maji ya jioni, au kwamba ule usiwekwe karibu na mparachichi kwa kuwa utakosa jua.

Ziara ya Septemba na Oktoba ina uzito wa pekee, kwa kuwa huo ndio wakati ambapo tofauti kati ya bustani mbili huonekana bila msaada wa mvua. Mwezi Januari kila kitu ni kijani, hata kwa mvivu. Mwezi Oktoba, tuta lililostawi linaonyesha maamuzi ya mwenye nyumba mmojammoja, yaani namna alivyofunika udongo kwa majani makavu, saa anazomwagilia, kivuli alichokiacha na kile alichokikata. Kulinganisha maendeleo katika wakati huo kuna faida kubwa kuliko kusifiana, na wakulima wenye bidii huchagua wakati huo kutembea.

Historia ya jiji inaeleza kwa nini mimea ya kuombana ni mingi na ya asili tofauti kiasi hicho. Wabelgiji walilianzisha jiji hili mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule ambao reli kutoka kusini ilifika, na mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Union Minière du Haut-Katanga kilianza kazi kando ya mto Lubumbashi. Wafanyakazi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Luapula, Kasai, Rwanda na kwingineko, na wake waliofuata au kuolewa hapa walileta mazoea yao ya mboga. Mji wa Wazungu ulipangwa kwa barabara pana zilizonyooka, zikapandwa miti ya kivuli na ya maua, huku mtaa wa Waafrika ukitengwa nao kwa ukanda wa ardhi ulioachwa wazi kwa makusudi, uliohalalishwa kwa hoja za afya lakini ukitimiza kazi ya ubaguzi. Ukanda huo uliwazuia watu kuishi pamoja, lakini haukuzuia vipando, kwa sababu waliovuka kila asubuhi kwenda kumwagilia waridi na kupunguza matawi ya bogenvilia za Wazungu walikuwa Waafrika, na jioni walirudi Kamalondo wakiwa na elimu ya vitendo ya bustani ya mapambo. Maisha ya watumishi wa nyumbani wa jiji hilo yamehifadhiwa katika maandishi yasiyo ya kawaida, Vocabulaire de ville de Elisabethville, ambayo André Yav aliyatayarisha kwa Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani, na ambayo mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha baadaye pamoja na ufafanuzi. Msomaji anayetaka kuelewa jiji hili kutoka upande wa jikoni na uani anapaswa kuanza na maandishi hayo.

Union Minière ilibadilisha sera yake kuanzia miaka ya mwisho ya 1920: badala ya kuajiri vijana kwa mikataba mifupi na kuwarudisha vijijini, ilianza kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao katika kambi zenye nyumba, shule, zahanati na posho ya chakula. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameonyesha katika kazi zake jinsi kampuni ilivyogeuka kuwa baba wa familia hizo, na jinsi utegemezi huo ulivyowaacha wana wake bila tegemeo baba huyo aliposhindwa. Alishindwa kwa kasi ya kutisha. Kampuni iliyotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000 kufikia mwaka 1994, baada ya kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990, uporaji uliotikisa miji ya nchi na machafuko ya kisiasa ya Katanga yenyewe. Mishahara ilikatika, posho ikakoma, na katika miaka ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Katika miaka hiyo wakazi wengi waligeukia jembe. Nyua za nyumba zilizokuwa na maua zilipandwa mahindi na lengalenga, na wake wa wafanyakazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuilisha nyumba. Yeyote anayeziandikia bustani za Lubumbashi kama burudani tupu ameusahau muongo huo.

Msaada kutoka nje ulikuja pia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, likifadhiliwa na Ubelgiji, liliendesha tangu mwaka 2000 mradi wa kilimo cha bustani ndani na kandokando ya miji ya Kongo, Lubumbashi likiwemo, na moja ya mbinu zake ilikuwa shule za shambani, ambapo wakulima hukutana kwenye tuta la mwenzao, hulichunguza pamoja na kujadili walichokiona badala ya kusikiliza hotuba. Mbinu hiyo ilifanya kazi kwa sababu iliingia katika njia ambayo tayari ilikuwepo, ya watu kutembeleana.

Bustani zinazostahili safari hazipo katika nyua za nyumba pekee. Mwezi Septemba na Oktoba barabara za kati za jiji hufunikwa na maua ya zambarau ya mjakaranda, mti wa asili ya Amerika ya Kusini ambao wakoloni waliupanda katika miji mingi ya nyanda za juu za kusini mwa Afrika, na ambao kwa wakazi wa Lubumbashi umekuwa kalenda: ukianza kudondosha maua, mbegu za kitaluni zinapaswa kuwa zimekwisha kuota. Baada yake hufuata mkakaya wenye maua mekundu, uliotoka Madagaska, karibu na wakati embe za kwanza zinapoiva. Karibu na katikati ya jiji, bustani ya wanyama hutembelewa na familia siku za Jumapili, nao huondoka na mawazo ya namna ya kupanga vivuli na vijia vyao wenyewe. Nje ya mji kuna Kafubu, ambako Wasalesiani, waliofika Élisabethville mwaka 1911, walijenga misheni yenye mashamba na shule, na ambako vizazi kadhaa vya vijana vilijifunza kwamba kilimo kinaweza kuwa taaluma. Kuna pia mabonde ya wakulima wa mboga wa biashara, kama Chem-Chem na Kashamata, ambako mistari ya kabichi na lengalenga hufuata mkondo wa maji kiasi cha kuonekana kama kitambaa kilichofumwa. Mwenye bustani wa nyumbani akitembea hapo alfajiri, wakati wanawake wanafunga mafungu ya kupeleka sokoni, hujifunza kwa saa moja mambo ya nafasi kati ya mche na mche ambayo yangemgharimu misimu miwili.

Jambo la kutazamwa kwanza katika bustani yoyote ya Lubumbashi, hata hivyo, liko chini ya miguu. Udongo wa asili wa uwanda huu ni mwekundu, mkongwe, wenye asidi na maskini wa virutubisho, kwa kuwa mvua za maelfu ya miaka zimeshausafisha. Juu yake, hata hivyo, vimesimama vichuguu vikubwa vya mchwa wa spishi ya Macrotermes falciger, vingine vikifikia urefu wa mita 5 na zaidi, na ndani yake mchwa wamekusanya udongo wa mfinyanzi kutoka chini, pamoja na kalsiamu na madini mengine ambayo mimea huyahitaji. Watafiti waliopima umri wa vichuguu vya Katanga kwa njia ya kaboni wamekuta kwamba kiini cha baadhi yake kina zaidi ya miaka 2,000. Wakulima hawakusubiri vipimo hivyo: udongo wa kichuguu huchimbwa, hupondwa na kutandazwa juu ya tuta pamoja na samadi, na mwenye bustani mwenye kichuguu ndani ya lupango lake hupanda maboga kwenye mteremko wake na hukiona kuwa urithi. Wafyatua matofali nao wanautaka udongo huohuo, na ushindani huo unavimaliza vichuguu vya kandokando ya jiji kwa kasi ambayo inapaswa kuwasikitisha wote wanaojua vimechukua muda gani kujengwa.

Udongo huohuo wa Katanga hubeba metali. Juu ya vilima vyenye shaba na kobalti huota mimea zaidi ya spishi 500 iliyozoea sumu hiyo, mingine isiyopatikana kwingine popote duniani, na kati yake kuna mmea wa Haumaniastrum katangense, wenye maua ya zambarau, ambao wachunguzi wa madini waliutumia kama alama ya shaba na ambao watafiti wa mambo ya kale wameufuata hadi kwenye mabaki ya tanuri za wafuaji shaba wa zamani. Hiyo ni bustani ya asili ya kustaajabisha, na migodi ya wazi imeshafuta sehemu yake bila kurudi. Ndani ya jiji, metali zilienea kwa njia nyingine. Kiwanda cha kuyeyushia, chenye bomba la moshi la takriban mita 150 na mlima mweusi wa mabaki unaoonekana kutoka kila upande, kilitoa kwa miongo mingi vumbi la metali na gesi ya dioksidi ya salfa, ambayo huongeza asidi ya udongo. Na kwa kuwa upepo wa kiangazi huvuma hasa kutoka kusini-mashariki, uchafuzi ulianguka zaidi kaskazini-magharibi, katika eneo ambalo wanasayansi huliita koni ya uchafuzi na ambalo limeumeza mtaa wa Penga-Penga. Hapo ardhi ilibaki uchi kwa miaka, isipokuwa nyasi chache zinazovumilia shaba.

Watafiti wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Michel Mpundu Mubemba, wamepima udongo na mboga za bustani za jiji na kukuta katika maeneo kadhaa shaba, kobalti, risasi, kadimi na zinki kwa viwango visivyofaa. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo, na utafiti uliofuata mwaka 2014 ulionyesha kwamba vyakula vilivyolimwa karibu na mitambo, pamoja na vumbi linalomezwa, hasa na watoto, ni miongoni mwa njia kuu za metali hiyo kuingia mwilini. Habari hizo zimekaa kwa muda mrefu mno katika Kifaransa na Kiingereza cha majarida ya kitaaluma, mbali na mama anayechuma lengalenga ya chakula cha jioni.

Zinaweza kumfikia kwa njia ileile inayomfikishia mbegu, kwa sababu kanuni zake ni za kutendeka. Asidi ya udongo ndiyo inayoziachia metali nyingi ziingie kwenye mizizi, kwa hiyo chokaa ya kilimo, inayopunguza asidi, pamoja na mboji na samadi iliyooza vizuri, ambazo hushika shaba kwa nguvu, hupunguza kiasi kinachopanda kwenye jani. Majani hukusanya metali kuliko matunda, kwa hiyo katika lupango lililo karibu na kiwanda ni busara tuta la lengalenga lipungue na nafasi hiyo ipewe bamia, mpapai na mparachichi. Sehemu ya uchafuzi ni vumbi lililotua juu ya jani, na vumbi hilo huondoka kwa kuosha mboga mara kadhaa katika maji safi. Lakini maji ya mito inayopita karibu na mitambo hayafai kuoshea wala kumwagilia. Katika ardhi iliyoungua kabisa, huchimbwa shimo kubwa na kujazwa udongo uliotoka mbali, uliochanganywa na samadi, kabla ya mti wa matunda kupandwa. Huko Kipushi, kusini-magharibi mwa Lubumbashi, miti iliyopandwa mwaka 2005 juu ya bwawa la mabaki ya mgodi, hasa Acacia auriculiformis, bado ilikuwa imesimama takriban miaka 15 baadaye, jambo linaloonyesha kwamba hata mahali palipokatiwa tamaa panaweza kuwa na kivuli.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya maswali ya ziara yanahitaji kuongezwa. Pamoja na kuuliza mbegu ilitoka wapi, mgeni anapaswa kuuliza udongo wa tuta hilo uliletwa kutoka wapi, kisima kiko upande gani wa kiwanda, na mara ya mwisho chokaa iliwekwa lini; na mwenyeji anayepeana miche ya kitaluni anapaswa kuitoa katika udongo wake mwenyewe pale tu anapojua kwamba ni safi, la sivyo aitikise na kuosha mizizi, kwa kuwa bonge la udongo linaloning'inia kwenye mche husafiri nao hadi lupango jingine. Vikundi vya likelemba vinavyokutana kila mwezi vina uwezo wa kulipia kwa pamoja kipimo cha udongo ambacho familia moja isingemudu, na matokeo yakasomwa kwa sauti uani, kwa Kiswahili, mbele ya tuta lenyewe.

Mvua kubwa zinapoanza mnamo Novemba, ziara za bustani hupungua kwa wiki kadhaa, kwa kuwa barabara za Katuba na Ruashi hujaa matope, magugu huota kwa kasi kuliko mboga, na kila mtu anashughulika na mahindi yake. Miche iliyogawiwa Oktoba hupata mizizi katika kipindi hicho. Kutembeleana huanza tena mwezi Machi na Aprili, wakati mvua zinapokatika, na safari hiyo wageni huja kuomba miche ya kitunguu na kabichi ya kiangazi, wakiwa wamebeba mfukoni mbegu za lengalenga walizozikausha kutoka kwenye shina lililokua kutokana na ukarimu wa mwenyeji huyohuyo.